Uso wa Ukuta: Niliyojifunza kwa Kutunza Nyumba za Mji Mkongwe

Kwa miaka mingi nimekuwa mtunzaji wa nyumba za ukoo wetu katika Mji Mkongwe wa Unguja. Baadhi yake hukaliwa na ndugu, baadhi hupangishwa, na nyingine hubaki zimefungwa kwa muda mrefu kwa sababu wenyewe wanaishi Maskati, Dubai au London na huja nyumbani wakati wa likizo au Sikukuu tu. Kazi hii imenikutanisha na mchwa, boriti zilizooza na mabomba yaliyopasuka, lakini hakuna tatizo lililonidai fikira nyingi kama kuvu. Watu wa huku tumeizoea kiasi cha kuihesabu kuwa sehemu ya masika. Nguo zikishika kawa huanikwa juani, viatu hufutwa, kuta hupakwa rangi kabla ya Idi, na mwaka unaofuata kazi hiyohiyo huanza upya. Mimi nimefikia kuamini kwamba sehemu kubwa ya uharibifu huo huzuilika, na kwamba tunashindwa kwa sababu tunaishughulikia hewa ya katikati ya chumba ilhali kuvu huishi mahali pengine kabisa, yaani kwenye uso wa ukuta, nyuma ya kabati na chini ya godoro.

Inafaa nianze na hewa yenyewe. Unapoambiwa kwamba unyevu hewani ni asilimia 80, maana yake ni kwamba hewa ile imebeba sehemu 80 kati ya 100 za mvuke inaoweza kuubeba kwa joto lililopo wakati huo. Hewa yenye joto la nyuzi 30 za Selsiasi huweza kubeba takriban gramu 30 za maji katika kila mita moja ya ujazo, na ikipozwa hadi nyuzi 20 uwezo huo hushuka hadi gramu 17 hivi. Chukua chumba cha kawaida chenye urefu na upana wa mita 4 na kimo cha mita 3. Siku ya Aprili yenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80, hewa ya chumba hicho peke yake imebeba zaidi ya lita moja ya maji ambayo hakuna anayeyaona. Ikikutana na kitu chenye joto la chini ya nyuzi 26, maji hayo huanza kujitokeza, kama yanavyojitokeza nje ya gilasi ya maji baridi iliyowekwa mezani.

Hata hivyo kuvu haingoji matone. Hili ndilo jambo lililobadilisha namna yangu ya kukagua nyumba. Inatosha uso wa ukuta ubaki na unyevu wa karibu asilimia 80 au zaidi kwa siku kadhaa mfululizo, hata kama ukiugusa kwa kiganja unauona mkavu, na mbegu za kuvu ambazo ziko hewani wakati wote huanza kuota. Chakula chake ni vumbi, karatasi, mbao, ngozi, gundi na hata rangi. Joto linaloifaa ni lilelile linalotufaa sisi, kwa hiyo katika nchi yetu hatuwezi kuinyima joto wala chakula, na kilichobaki mikononi mwetu ni maji tu. Katika hewa ileile ya nyuzi 30 na asilimia 80, ukuta wenye nyuzi 28, ambao ni nyuzi mbili tu chini ya hewa, huwa na unyevu wa karibu asilimia 90 usoni mwake. Kipimo kilichotundikwa katikati ya chumba kitasoma 80 na mwenye nyumba ataridhika kwamba mambo si mabaya sana, lakini nyuma ya kabati, mahali ambapo hewa haitembei na ukuta una ubaridi wake, hali ni nyingine.

Somo hilo lilinijia kwa njia ya kiyoyozi. Katika nyumba yetu moja upande wa Shangani, ukumbi wa ghorofa ya kwanza ulikuwa umegawanywa zamani kwa ukuta mwembamba wa matofali ya saruji ili kupata chumba cha kulala cha kupangisha. Mpangaji aliyeingia alipenda ubaridi na alikiweka kiyoyozi kwenye nyuzi 18 usiku na mchana. Chumbani mwake hapakuwa na dosari yoyote, lakini upande wa pili wa ukuta, ukumbini ambako hakuna kiyoyozi na madirisha huwa wazi, madoa meusi yalianza kuonekana kwa mpangilio wa kushangaza, yakifuata mstari wa mahali hasa kiyoyozi kilipokuwa kikipuliza. Fundi wa rangi alisema bomba linavuja ndani ya ukuta. Tulilitafuta bomba hilo na halikuwepo. Nilipoazima kipimajoto cha kulenga kwa mwanga, kile kinachosoma joto la uso wa kitu bila kukigusa, kilisoma nyuzi 22 kwenye sehemu yenye madoa na nyuzi 28 kwenye ukuta wa jirani. Hewa ya ukumbi ilikuwa ikigusa ukuta wenye ubaridi na kuuachia maji yake. Madhara ya ubaridi wa mtu mmoja yalikuwa yakionekana katika chumba cha mwingine.

Nilimwendea mpangaji na kumweleza. Alikuwa mtu mwelewa, na tulikubaliana akiweke kiyoyozi kwenye nyuzi 25 au 26, ageuze mapezi yasipulize moja kwa moja ukutani, na awe na feni inayozunguka polepole ili ule ubaridi mdogo utoshe mwilini. Madoa yaliposafishwa hayakurudi masika yaliyofuata. Ningependa kila mwenye nyumba ya kupangisha pwani alitambue jambo hili, maana wengi huamini kwamba kadiri chumba kinavyokuwa baridi ndivyo kinavyokuwa kikavu. Chumba chenye nyuzi 26 na unyevu wa asilimia 60 kiko salama maadamu kuta zake hazishuki sana chini ya nyuzi 22, na mtu hulala humo vizuri kabisa. Chumba cha nyuzi 18 ndani ya mji wa nyuzi 30 ni hatari kwa kila kinachopakana nacho, iwe ni mlango, dari ya chumba cha chini au ukuta wa jirani.

Kuna jambo jingine kuhusu viyoyozi ambalo mafundi wetu wengi hawalisemi kwa mnunuzi. Kiyoyozi hukausha hewa pale tu hewa inapopita kwenye koili yake baridi kwa muda wa kutosha, mvuke ukageuka matone juu yake na kushuka kwenye bomba la kutolea. Mashine kubwa kuliko chumba hukipoza chumba kwa dakika chache, kisha hujizima kabla haijatoa maji ya maana, na baada ya muda huwaka tena na kufanya vilevile. Matokeo yake ni chumba baridi chenye fukuto la unyevu, na hicho ndicho chumba ambacho kuvu hukipenda. Nimekuta mashine ya BTU 24,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza) katika chumba ambacho BTU 9,000 au 12,000 zingekitosha, na mwenyewe ameinunua kwa fahari. Baadhi ya mashine huiacha feni yake ikizunguka hata mtambo wa kupoza ukiwa umezimika, na hapo maji yaliyokuwa yamebaki kwenye koili hurudishwa chumbani. Mashine nyingi zina hali maalumu yenye alama ya tone la maji ambayo hukausha zaidi ya kupoza, nami huwashauri wageni waitumie siku za mvua. Bomba la kutolea maji nalo linahitaji kuzibuliwa kabla ya masika, maana likiziba maji hurudi ndani na kuteremka ukutani, na kichujio kikijaa vumbi huwa ndicho kitalu cha kwanza cha kuvu chumbani.

Kisha zipo kuta zenyewe. Nyumba za Mji Mkongwe, ambao uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zake zikiwa nene kiasi cha nusu mita au zaidi. Ukuta wa namna hii hufyonza maji na kuyaachia. Maji hupanda kutoka ardhini, huingia kutoka paani, na katika nyumba njema hutoka polepole kupitia lipu ya chokaa hadi hewani. Tatizo la mji wetu ni kwamba kwa miongo mingi kuta hizo zimepigwa lipu ya saruji na juu yake zikapakwa rangi ya mafuta au ya plastiki, kwa nia njema ya kuzuia maji. Maji yaliyo ndani hayatoki. Hupanda juu zaidi yakitafuta upenyo, na mwisho hutokea kimo cha kifua au hata cha dari, rangi ikavimba, saruji ikabanduka vipandevipande na kuvu ikaota kwenye mpaka wa palipo pabichi na palipo pakavu.

Chumvi nayo ina mchango wake. Mawe ya matumbawe yametoka baharini, na mchanga uliotumika katika nyumba nyingi ulikuwa wa pwani, kwa hiyo ukuta una chumvi ndani yake tangu siku ya kujengwa. Chumvi ya kawaida, hewa inapopita unyevu wa asilimia 75, huanza kuvuta mvuke na kuyeyuka. Ndiyo maana baadhi ya kuta za mjini huloa wakati wa masika hata pale ambapo hakuna tone la mvua lililozifikia, na hukauka zenyewe Januari zikiacha unga mweupe. Mtu akiupaka rangi ukuta kama huo amepoteza fedha zake, kwa sababu chumvi inapoganda na kuyeyuka tena na tena huisukuma rangi kutoka ndani.

Fundi mzee wa chokaa aliyetufanyia kazi katika nyumba ya mtaa wa Malindi, humuhumu Mji Mkongwe, aliugonga ukuta kwa vifundo vya vidole, akasikiliza, kisha akaniambia, “Maji yameingia kwa njia yake, mwanangu, nayo yanataka njia ya kutokea. Nyinyi mmeyafungia mlango.” Alitaka saruji yote itolewe, kuanzia sakafuni hadi kimo cha mkono mmoja juu ya mstari wa unyevu, na akakataa kabisa kupiga lipu mpya mara moja. Ukuta uliachwa wazi msimu mzima wa kaskazi. Ndugu zangu walinung’unika kwa sababu nyumba ilikuwa haina sura, na nikawaomba wastahimili. Alipoanza, alitumia chokaa iliyolowekwa muda mrefu pamoja na mchanga wa bara uliooshwa, tabaka juu ya tabaka nyembamba, kila moja ikipewa muda wake kwa kuwa chokaa hukomaa taratibu kwa kuvuta hewa ya kaboni. Juu yake akapaka chokaa ya maji, si rangi. Chokaa mbichi ina ukali ambao kuvu haiupendi, na zaidi ya hapo inaruhusu mvuke kupita. Ukuta ule bado hupata rangi ya kijivu masika yanapokaza, lakini hukauka na kurudi kuwa mweupe, na sijauona ukiota kuvu tangu hapo. Kwangu mimi huo ni ushindi, maana ukuta wa matumbawe ulio hatua chache kutoka baharini hauwezi kutarajiwa uwe mkavu mwaka mzima.

Nyumba zilizofungwa ndizo zilizonifundisha zaidi, kwa sababu ndani yake hakuna mtu wa kulaumiwa kwa kupika, kuoga au kuanika nguo. Jamaa anayeishi Maskati hufunga kila kitu kabla ya kusafiri, huvuta mapazia, hufunga makabati kwa ufunguo, huyafunika makochi kwa plastiki ili yasiingie vumbi, na anaporudi hukuta kanzu zake zina kawa, mikoba ya ngozi imevaa manyoya ya kijani na vitabu vya baba yake vimeshikana kurasa. Kila alichokifunga kwa nia ya kukihifadhi kilifungwa pamoja na unyevu wake. Plastiki juu ya kochi ni mbaya kuliko vumbi lolote. Siku hizi utaratibu ninaoufuata ni wa kinyume chake. Milango ya makabati na droo huachwa wazi, makabati husogezwa mbali na kuta za nje kwa upana wa kiganja, magodoro husimamishwa yasilale juu ya mbao, mapazia hukusanywa, na milango yote ya ndani huwekewa kigingi isijifunge. Feni ndogo yenye saa ya kujiwasha huzunguka kwa saa kadhaa kila siku, si kwa ajili ya kuondoa maji, kwani feni haiondoi maji, bali ili uso wa ukuta uwe na joto moja na hewa na pasiwe na pembe iliyosahaulika.

Kuhusu kufungua madirisha nimeona watu wakishauriana bila kuangalia hewa ya nje ikoje. Msimu wa kusi, kuanzia Juni, hewa ina ubaridi kidogo na mvuke mchache kuliko ya masika, na huo ndio wakati wa kuifungua nyumba tangu asubuhi hadi alasiri na kutoa kila kitu. Lakini asubuhi ya Aprili baada ya mvua ya usiku, hewa ya nje ina maji mengi na kuta nene za ndani bado zimeshika ubaridi wa usiku. Ukifungua saa hiyo unaiingiza hewa nzito ije kutua kwenye ukuta baridi, na sakafu za marumaru hutokwa jasho mbele ya macho yako. Siku kama hizo hungoja jua lipande na kuta zishike joto, ndipo nifungue. Na mahali penye kiyoyozi kinachofanya kazi, dirisha lazima lifungwe. Kwa chumba kile cha mita 4 kwa 4, kila mara hewa yake yote inapobadilishwa na ya nje, mashine hulazimika kutoa karibu nusu lita ya maji ili kurudisha hali iliyokuwepo.

Kwa vyumba vyenye vitabu na nyaraka za familia tulinunua mashine ya kufyonza unyevu, tukaiweka kwenye asilimia 55, na ndoo yake tukaiunganisha na bomba linaloteremka hadi bafuni, kwa sababu ndoo ikijaa na hakuna mtu nyumbani mashine husimama. Mashine hiyo hutoa joto kidogo, jambo ambalo kwa kuta ni faida. Umeme ukikatika kwa muda mrefu unyevu hupanda tena, na kwa hiyo siitegemei peke yake.

Vipimo ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Kipima unyevu kidogo cha dukani kinatosha, lakini lazima kijaribiwe kwanza. Weka chumvi ya mezani katika kizibo cha chupa, itie maji kidogo iwe kama uji mzito isiyeyuke yote, kisha kifungie kizibo hicho pamoja na kipimo ndani ya mfuko usiopitisha hewa na ukiache usiku mzima. Hewa ya ndani ya mfuko itatulia kwenye asilimia 75. Kipimo kikisoma 69 basi ujue kinapunguza 6, na uandike hivyo kwa kalamu mgongoni mwake. Baada ya hapo kiweke nyuma ya kabati, si juu ya meza.

Juu ya kusafisha nitasema machache. Kuvu iliyokwishaota juu ya vigae au kioo hufutwa kwa sabuni na maji na ikaisha. Iliyoingia kwenye godoro, ubao laini wa dari au zulia haitoki, na kitu hicho hutupwa. Mtu avae barakoa, glovu na miwani, aloweshe kwanza kabla ya kusugua ili mbegu zisiruke, na asichanganye kamwe dawa ya klorini na siki wala amonia, kwani mchanganyiko huo hutoa gesi inayoweza kuua. Kuvu iliyokufa bado hudhuru pumzi, kwa hiyo kuinyunyizia dawa na kuiacha hapo si kusafisha. Na zulia au godoro likiloa kwa paa kuvuja, lina siku moja au mbili tu za kukaushwa.

Naandika haya kwa uzito kwa sababu shangazi yangu mwenye pumu alilala miaka mingi katika chumba cha chini chenye harufu ya uvundo, nasi kila jioni tulikifukiza udi, harufu ikatulia na tukadhani tumemsaidia. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2009 unaohusisha unyevu na kuvu majumbani na pumu pamoja na maradhi mengine ya njia ya hewa, na mtu yeyote aliyemsikia mgonjwa akikohoa alfajiri ya masika hahitaji kushawishiwa sana. Shangazi alihamishiwa ghorofa ya pili, upande unaopata upepo na jua la mchana, na dawa yake ya kuvuta akawa haitumii mara kwa mara kama awali.

Chumba chake cha zamani tumekijaribu kwa kila njia. Saruji imetolewa, mfereji wa nje umegeuzwa usimwage maji kwenye msingi, dirisha limepanuliwa, na mashine ya kufyonza unyevu imewekwa humo kwa msimu mzima. Maji yako karibu mno na sakafu, na kipimo nyuma ya mlango hakikuwahi kushuka chini ya asilimia 78 wakati wa masika. Wapo waliotaka kipakwe rangi na kupangishwa kwa wageni, kwa kuwa kiko mjini na kina mlango wake barabarani. Nilikataa, na wazee wa ukoo wakaniunga mkono. Sasa kuta zake zimeachwa na chokaa tupu, humo tunaweka ngazi, mitungi na ndoo za rangi, na hakuna anayelala humo.